Shanga za maji: Namna ya kupima iwapo kweli zinapoza hewa

SHANGA za maji ni chembe za jeli ambazo, zikiwa kavu, hazizidi ukubwa wa punje ya mtama. Zikitiwa majini hufyonza na kuvimba kwa saa kadhaa hadi zikawa kubwa kama zabibu, laini na zenye kung'aa. Huuzwa kama mapambo ya vyombo vya maua, huchanganywa na udongo wa miche na, mara nyingine, husifiwa kuwa njia ya kupoza chumba bila umeme.

Sifa hiyo ya mwisho inafaa kupimwa kabla ya mtu kutoa pesa zake. Kwa mwenye nyumba ya mabati, nyuzi mbili au tatu za joto zaweza kuamua kama mtoto atalala mchana au atalia. Kwa mchuuzi wa mboga katika soko la Gakoromone mjini Meru, au mkulima wa maembe huko Embu, zaweza kuamua kama mazao yatauzwa kesho au yatatupwa.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilikadiria mwaka 2011 kwamba takriban thuluthi moja ya chakula kinachozalishwa duniani kwa ajili ya binadamu hupotea au hutupwa. Katika nchi ambazo wakulima wengi hawana majokofu, sehemu kubwa ya hasara hiyo hutokea kabla chakula hakijafika mezani.

Kinoru, mtaa wa mji wa Meru unaojulikana zaidi kwa uwanja wake wa michezo, ni mahali pazuri pa kuelewa swali hili. Mji huo uko karibu kabisa na mstari wa Ikweta lakini umeinuka takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, chini ya miteremko ya Mlima Kenya. Hewa yake hubadilika sana kati ya kiangazi cha Januari na Februari, ukungu wa Julai na mvua nyingi za Oktoba hadi Desemba. Jaribio moja likifanywa katika misimu hiyo laweza kutoa majibu tofauti kabisa, na yote yakawa sahihi.

Shanga hizi ni nini?

Shanga za maji hutengenezwa kwa polima, yaani molekuli ndefu zilizofungamana kama wavu. Zinazotumika sana ni poliakrileti ya sodiamu na poliakrilamaidi. Polima za jamii hiyo ndizo zilizomo ndani ya nepi za watoto za kutupwa, ambako kazi yake ni kuzuia mkojo usivuje.

Wavu huo huvuta maji na kuyashikilia, lakini haugeuzi asili yake. Shanga iliyovimba ni maji karibu yote, huku polima yenyewe ikiwa sehemu ndogo sana ya uzito. Ndiyo maana shanga iliyokauka hurudi kuwa chembe ndogo, na inaweza kuloweshwa tena.

Kiasi cha maji kinachofyonzwa hutegemea aina ya maji. Maji ya mvua huzivimbisha kuliko maji ya kisima yenye chumvi au chokaa, kwa sababu madini hayo hupunguza nguvu ya polima kuvuta maji. Mtu anayelinganisha shanga zilizoloweshwa kwa maji ya mvua na zile za maji ya kisima atakuwa analinganisha vitu viwili tofauti.

Kinachopoza ni mvukizo

Shanga hazina baridi yake zenyewe. Kinachopoza ni maji yanayotoka kwenye uso wake na kugeuka mvuke. Ili gramu moja ya maji ivukizwe katika joto la kawaida, inahitaji nishati ya takriban jouli 2,450, na nishati hiyo huchukuliwa kutoka kwa hewa na vitu vilivyo karibu.

Ni kanuni ile ile inayompoza mtu anapotokwa na jasho. Ni kanuni ile ile pia iliyofanya maji ya mtungi wa udongo kuwa baridi tangu zamani: maji hupenya polepole katika vitundu vya udongo, hufika nje na kuvukizwa, na yaliyobaki ndani hupoa.

Hata hivyo, joto hilo haliangamii. Limefichwa ndani ya mvuke. Hewa inakuwa baridi zaidi lakini pia yenye unyevu zaidi. Hilo ndilo jambo ambalo wauzaji wengi wa vifaa vya kupoza kwa maji hawalitaji.

Kikomo cha ubaridi

Hewa ina mpaka wa kubeba mvuke. Inapokaribia kushiba, maji huvukizwa polepole na upozaji hudhoofika. Kwa hivyo kuna kikomo ambacho hakiwezi kupitwa, hata shanga zikijaa chumba kizima.

Kikomo hicho hupimwa kwa urahisi. Chukua kipimajoto, uvike ncha yake kitambaa cha pamba kilicholoweshwa, kisha ukipepee kwa dakika chache. Joto kitakalosoma, linaloitwa hapa joto la utambi, ndicho kiwango cha chini ambacho mvukizo pekee unaweza kuifikisha hewa hiyo.

Siku yenye nyuzi 26 sentigredi na unyevu wa asilimia 50, hali isiyo ngeni katika Meru ya kiangazi, joto la utambi huwa karibu nyuzi 18 au 19. Kuna nafasi ya kupoza kwa nyuzi saba hivi. Asubuhi ya ukungu yenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 90, nafasi hiyo hushuka hadi chini ya nyuzi mbili.

Ukiteremka hadi nyanda kavu za Tharaka, hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 30 huwa na joto la utambi la karibu nyuzi 20, hivyo nafasi inafika nyuzi 12. Pwani ni kinyume: hewa ya nyuzi 31 yenye unyevu wa asilimia 75 haiwezi kushushwa chini ya nyuzi 27 kwa njia hii.

Kwa maneno mengine, anayeuliza iwapo shanga zinapoza hana budi kuulizwa kwanza yuko wapi na ni mwezi gani.

Hesabu ya lita moja

Shanga iliyovimba hadi kipenyo cha milimita 12 hubeba maji yasiyotimia gramu moja. Shanga 1,000 za ukubwa huo zina karibu lita moja ya maji. Lita hiyo ikivukizwa yote huchukua nishati ya jouli milioni 2.45, ambayo ni takriban uniti 0.7 za umeme.

Kiasi hicho chaonekana kikubwa, lakini muda ndio hutoa hukumu. Lita hiyo ikivukizwa kwa saa 10, nguvu ya kupoza ni wati 68 hivi. Mtu mzima aliyeketi kimya hutoa joto la takriban wati 100. Kwa hivyo beseni la shanga 1,000 haliwezi kuondoa hata joto la mtu mmoja aliyeketi karibu nalo.

Na katika chumba kisicho na upepo, shanga hazikauki kwa saa 10. Zikichukua siku tano, nguvu yake hushuka hadi wati sita hivi, ambazo ni chache kuliko za balbu ndogo.

Kuna faida moja ya kweli ambayo shanga huleta, nayo ni eneo la uso. Lita moja ya maji katika beseni la kipenyo cha sentimita 30 hukutana na hewa kwenye eneo la mita mraba 0.07 tu. Shanga 1,000 zenye milimita 12, zikihesabiwa moja moja, zina uso wa karibu mita mraba 0.45, zaidi ya mara sita.

Lakini faida hiyo hupatikana tu shanga zikitandazwa tabaka moja, hewa ikizizunguka. Zikirundikwa ndani ya chombo kirefu, zilizo chini hazikutani na hewa mpya, na matokeo hukaribia yale ya beseni la maji. Tambara au gunia lililoloweshwa na kuanikwa mbele ya dirisha huwa na uso mkubwa kuliko vyote viwili, kwa gharama ndogo.

Jaribio lenyewe

Jaribio la haki halihitaji maabara. Linahitaji masanduku manne ya katoni yenye ukubwa sawa, vipimajoto vitano, mizani ya jikoni inayosoma gramu, daftari na subira. Mwanafunzi wa sekondari anayejiandaa kwa maonyesho ya sayansi ya shule anaweza kulikamilisha.

Kwanza, vipimajoto vyote huwekwa pamoja mahali pamoja kwa nusu saa na kusomwa. Tofauti yoyote kati yake huandikwa na kuondolewa katika hesabu za baadaye. Vipimajoto vya bei nafuu hutofautiana kwa nyuzi moja au zaidi, na tofauti hiyo yaweza kudhaniwa kuwa kazi ya shanga.

Pili, kila sanduku hutobolewa matundu ya ukubwa sawa chini na juu ili hewa ipite. Sanduku lililofungwa kabisa hushiba unyevu mapema na mvukizo hukoma.

Tatu, sanduku la kwanza huwekwa sahani tupu. La pili huwekwa sahani yenye gramu 500 za maji. La tatu huwekwa gramu 500 za shanga zilizovimba, zikiwa zimetandazwa. La nne huwekwa kipande cha gunia kilichobeba gramu 500 za maji. Sanduku tupu ndilo kipimo cha kulinganishia. Bila hilo, hakuna njia ya kujua kama joto lilishuka kwa sababu ya shanga au kwa sababu wingu lilipita.

Nne, maji, shanga na gunia huachwa chumbani usiku kucha, vikiwa vimefunikwa, ili vipate joto sawa na la chumba. Maji ya mfereji wa Meru hutoka baridi, na shanga zilizoloweshwa asubuhi hiyo hiyo hupoza hewa kwa ubaridi wa mfereji, si kwa mvukizo. Hili ndilo kosa linalodanganya watu wengi zaidi.

Tano, masanduku hupangwa kivulini, mbali na ukuta unaopigwa na jua. Kipimajoto cha tano, chenye utambi uliolowa, huwekwa nje ya masanduku. Joto husomwa saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa tisa alasiri. Mwisho wa siku kila chombo hupimwa uzito tena.

Jaribio hurudiwa kwa siku kadhaa, na masanduku hubadilishana nafasi kila siku. Kama sanduku la shanga lina baridi zaidi popote linapowekwa, hapo kuna ushahidi. Kama baridi hubaki katika kona ile ile ya chumba, basi kona ndiyo yenye baridi.

Kusoma matokeo

Uzito uliopungua ndio ushahidi ulio imara kuliko wote, kwa kuwa hauathiriwi na mahali kipimajoto kilipowekwa. Chukua mfano wa shanga zilizopoteza gramu 60 kwa saa sita. Zidisha 60 kwa jouli 2,450, upate jouli 147,000. Gawanya kwa sekunde 21,600 zilizomo ndani ya saa sita, na nguvu ya kupoza ni wati saba hivi.

Iwapo gunia lilipoteza uzito mwingi kuliko shanga katika muda huo huo, basi gunia lilipoza zaidi. Iwapo sahani ya maji na sahani ya shanga zilipoteza uzito sawa, basi shanga hazikuongeza lolote isipokuwa urembo na kutomwagika.

Inafaa pia kupima joto la shanga zenyewe kwa kuingiza ncha ya kipimajoto kati yake. Mara nyingi shanga huwa baridi kuliko hewa kwa nyuzi kadhaa, ilhali hewa ya sanduku imeshuka kidogo tu. Anayezigusa kwa mkono huhisi ubaridi na kuamini chumba kizima kimepoa. Ubaridi huo ni wa kweli, lakini ni wa uso wa shanga.

Sababu ni kwamba chumba hupokea joto daima. Hewa ya chumba cha mita tatu kwa tatu, chenye kimo cha mita mbili na nusu, ingeshuka kwa nyuzi moja kwa kuvukiza gramu 10 tu za maji, kama kuta zingekuwa hazina joto. Lakini kuta, paa la mabati, watu na jiko hurudisha joto hilo kwa dakika chache.

Njia zilizothibitishwa

Kanuni ya mvukizo imefaulu pale ilipotumiwa katika nafasi ndogo, yenye kivuli, hewa inayopita na maji ya kutosha.

Nchini Nigeria, mwalimu Mohammed Bah Abba alieneza chungu ndani ya chungu, mchanga uliolowa ukiwa katikati, na akapewa Tuzo ya Rolex mwaka 2000 kwa kazi hiyo. Huko India, Susanta Roy na D.S. Khurdiya wa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo mjini New Delhi walibuni katika miaka ya 1980 chumba cha kuta mbili za matofali kilichojazwa mchanga mbichi, kisichotumia umeme wowote.

Nchini Kenya, wakulima wa mboga na matunda wametumia vibanda vya makaa. Kuta zake hujengwa kwa nyavu mbili za waya, makaa yakijazwa katikati, na maji hudondoshwa juu yake polepole. Makaa yana vitundu vingi sana, hivyo hushika maji na kuyapa uso mkubwa wa kuvukizwa. Hiyo ndiyo kazi ambayo shanga husifiwa kwayo, na makaa hupatikana kila soko.

Katika Kaunti ya Embu, kituo cha kukusanyia mazao cha Karurumo kimekuwa mahali pa kuonyeshea teknolojia hizi kwa wakulima wa maembe, kwa ushirikiano na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Zilizotumika huko ni pamoja na chumba cha makaa, chumba cha matofali na chumba kinachopozwa kwa CoolBot, kifaa kinachowezesha kiyoyozi cha kawaida kupoza kupita kiwango chake.

Tofauti kati ya njia hizo ina maana kwa mkulima. Embe hukaa vizuri likihifadhiwa kwa takriban nyuzi 13, kiwango ambacho chumba cha makaa hakikifikii mchana wa kawaida. Hata hivyo, chumba hicho humkinga mkulima na joto kali la mchana na humpa siku za ziada za kutafuta soko.

Kwa mboga za majani kama sukuma wiki, faida ni maradufu. Majani hunyauka kwa kupoteza maji, na hewa ya chumba cha mvukizo ni baridi na yenye unyevu kwa wakati mmoja. Unyevu ule ule unaomsumbua mtu katika chumba cha kulala ndio unaoiokoa mboga.

Hatari kwa watoto

Yeyote anayefanya jaribio la shanga nyumbani au shuleni hana budi kujua hatari yake. Shanga hizi hufanana na peremende. Mtoto akimeza iliyo kavu, huweza kuvimba ndani ya utumbo na kuuziba, na kwa kawaida haionekani kwenye picha ya eksirei.

Tume ya Usalama wa Bidhaa nchini Marekani ilitangaza Septemba 2023 kurejeshwa kwa aina moja ya shanga hizo baada ya kifo cha mtoto wa miezi 10. Desemba mwaka huo, kampuni za Amazon, Walmart na Target zilieleza kuwa zinaacha kuuza shanga zinazotangazwa kwa ajili ya watoto.

Kwa hivyo shanga za jaribio zihesabiwe kabla na baada, ziwekwe mbali na watoto wadogo, na sakafu ifagiliwe vizuri, kwani inayodondoka na kukauka huwa ndogo mno kuonekana. Zisimwagwe katika sinki au choo, kwa kuwa zikivimba huziba mabomba. Mtoto akishukiwa kumeza shanga apelekwe hospitalini mara moja, na daktari aelezwe waziwazi kuwa ni shanga ya maji.

Kwa familia ya Kinoru inayotafuta nafuu ya joto la Februari, hatua za kwanza ni kivuli juu ya paa, madirisha mawili yanayoelekeana na gunia lililoloweshwa mahali upepo unapoingilia. Kwa mchuuzi, ni kibanda kidogo cha makaa na ndoo ya maji ya kukilowesha asubuhi na mchana. Anayetaka kununua shanga anaweza kuzinunua kwa urembo wake. Kabla ya kuzinunua kwa ajili ya baridi, na atumie mizani kwanza.